Muulize Bibi Shamba: Roboti Ndani ya Kitalu Nyumba

Katika toleo lililopita tulichapa habari fupi kuhusu mkono wa chuma unaochomeka vipandikizi vya maua, yaani vipande vya shina vilivyokatwa ili vioteshwe, kwenye trei, na tangu hapo barua zimekuwa nyingi kuliko kurasa. Nimechagua nane. Nilizoziacha, karibu zote zinauliza roboti ipi ni bora, na swali hilo sitalijibu mpaka mwulizaji anieleze kwanza mimea yake imekaaje, njia zake ni pana kiasi gani, na ni kazi ipi hasa inayomchosha. Hakuna fundi anayemshonea mtu kanzu bila kumpima.

Vipandikizi vilivyolaliana

*Bibi Shamba, shikamoo. Ninazalisha miche ya krisanthemumu kutokana na vipandikizi. Vyangu hufika ndani ya mifuko vikiwa vimelaliana hovyo, vingine vichwa juu, vingine vichwa chini. Hiyo roboti mliyoielezea inajuaje shina liko upande gani? Na inatofautianaje na mashine yangu ya kupandia mbegu, ambayo nayo hufanya kazi bila mkono wa mtu?*
— Mzalishaji wa miche

Marahaba. Nianze na swali la pili kwa kuwa jibu lake ni fupi. Mashine yako ya mbegu hunyonya mbegu kwa sindano na kuziachia kwenye matundu ya trei, tendo lile lile mahali pale pale. Trei ikikaa upande, itamwaga mbegu pembeni na kuendelea na kazi kama kwamba hakuna kilichotokea. Roboti hutazama kwanza, huamua, ndipo hutenda, na tendo lake hubadilika kulingana na ilichokiona. Kwa kazi nyingi za kitalu mashine isiyotazama inatosha, tena ni rahisi zaidi kuitengeneza inapoharibika, wala sioni haya kumshauri mtu abaki nayo. Mbegu zinafanana na matundu ya trei hayahami. Kipandikizi ni habari nyingine.

Mfanyakazi humwaga vipandikizi juu ya mkanda unaotetemeshwa ili vitawanyike. Kamera iliyofungwa juu ya mkanda hupiga picha, na programu hutafuta katika picha hiyo vile tu vilivyolala peke yake, shina likionekana wazi kutoka kwenye majani hadi sehemu iliyokatwa. Hapo hupimwa mwelekeo wa shina na urefu wake. Mkono hushuka, vidole viwili vyembamba hubana shina karibu na sehemu iliyokatwa, hukigeuza kipandikizi kikasimama, kisha hukididimiza kwenye udongo wa trei na kukiachia. Vile vilivyolaliana haviguswi kabisa. Hupita na mkanda, hurudishwa mwanzo, hutetemeshwa tena, na safari hii pengine vitaanguka vizuri.

Huo ndio ujanja wake wote, na mimi naupenda kwa sababu hauna majivuno: roboti haifumui rundo, bali huokota kinachookoteka. Ukisimama kando yake kwa muda utaona kipandikizi kimoja chenye jani lililojikunja juu ya shina kikipita mbele ya kamera mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi mtu akichoka kukitazama anakichukua kwa mkono na kukichomeka mwenyewe.

Kwa hiyo usiangalie kasi iliyoandikwa kwenye kijitabu cha muuzaji, kwa kuwa kasi hiyo ni ya vipandikizi vizuri. Kazi yako inaanzia kwenye mimea mama: mashina yakatwe kwa urefu unaolingana, majani ya chini yaondolewe, na vipandikizi visafirishwe bila kunyauka, kwani shina lililolegea hupinda badala ya kuingia udongoni. Ukiwa huwezi kuwaagiza wanaokukatia vipandikizi wafanye hivyo, roboti yako itakuwa ikizungusha majani kwenye mkanda siku nzima.

Waridi na miiba yake

*Binti yangu, nimelima mawaridi ya kukata kwa zaidi ya miaka 20. Nasikia kwamba wenzetu wa krisanthemumu wanavuna kwa mashine. Kwa nini waridi limeachwa nyuma? Ni kwa ajili ya miiba?*
— Mzee wa mawaridi

Shikamoo mzee wangu. Miiba ndiyo tatizo dogo kuliko yote, maana chuma hakichomwi.

Krisanthemumu ni mmea unaochanua usiku unapokuwa mrefu. Mkulima huvuta pazia jeusi juu ya tuta, akaurefusha usiku kwa mapenzi yake, na mimea yote ya tuta hilo ikaanza kutoa matumba kwa pamoja. Siku ya kuvuna ikifika, hakuna la kuchagua. Mashine hupita na kung'oa au kukata kila kilicho mbele yake, kwa kuwa kila kilicho mbele yake kiko tayari. Hiyo hata si roboti. Kazi ya kufikiri ilishafanywa na pazia.

Sasa tazama mwaridi mmoja shambani kwako. Una chipukizi changa, una tumba bichi, una ua la kukatwa leo asubuhi, una jingine litakalokuwa tayari jioni, na chini yao kuna mashina uliyoyainamisha kwa makusudi ili majani yake yaulishe mmea. Mvunaji wako akisimama mbele yake huamua mambo matatu kwa sekunde chache: tumba limefunguka kiasi gani kwa aina hiyo, ashuke hadi jani lipi lenye vijani vitano ndipo akate juu yake, na mkono upite wapi usivunje chipukizi la jirani. Kwa kamera, kuliona ua ni rahisi, kwani rangi yake inajitangaza. Kulifuata shina lake kushuka chini katikati ya majani ya rangi ile ile ndiko kugumu, na kukipitisha kisu hadi pale bila kugusa kingine ni kugumu zaidi.

Ua la jebera liko katikati ya hayo mawili. Shina lake halina majani, limenyooka, na ua liko juu peke yake kama taa ya barabarani, na mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani walichapisha kazi yao ya kulivuna kwa mkono wa roboti. Hata hivyo jebera nalo lina tabia yake: kwa mkono halikatwi, hung'olewa kutoka shinani kwa kuvutwa na kupindwa kidogo, kwa sababu kisiki kikibaki huoza. Kufunga kisu kwenye mkono wa chuma ni rahisi kuliko kuufundisha mkono huo kuvuta kwa kipimo.

Nitakupa mfano mmoja wenye tarakimu, ingawa unatoka kwenye pilipili hoho. Kati ya mwaka 2015 na 2018 Umoja wa Ulaya ulifadhili mradi ulioitwa SWEEPER, ukaundwa mkono wa kuvuna hoho ndani ya kitalu nyumba. Katika mimea iliyoandaliwa ili kuirahisishia kazi, ulifanikiwa kuvuna asilimia 61 ya matunda; katika mimea iliyoachwa kama wakulima wanavyoilima kila siku, ulivuna asilimia 18, na kila tunda lilichukua wastani wa sekunde 24. Mkono ni ule ule, kamera ni ile ile, programu ni ile ile. Kilichobadilika ni namna mimea ilivyokaa. Ninapoulizwa ni lini waridi litavunwa na roboti, huwa ninaigeuza hesabu hiyo kuwa swali: ni lini mwaridi utalimwa kwa namna ambayo shina la ua linaonekana lote kutoka kichwani hadi linapokatwa? Anayebuni aina mpya za mawaridi na njia mpya za kuyainamisha ana sehemu kubwa katika jibu hilo kuliko anayeunda mikono.

Vyungu 40,000

*Bibi Shamba, mimi na mdogo wangu tunaendesha kitalu cha mimea ya mapambo, vyungu 40,000 kwa mwaka. Kila chungu hubebwa mara tatu: baada ya kupandwa, wakati wa kuviachanisha ili mmea utanuke, na wakati wa kuvikusanya kwenda kwa mnunuzi. Tumejipima kwa saa: mtu mmoja huhamisha vyungu 400 kwa saa moja. Muuzaji anatushawishi tununue roboti mbili za kupanga vyungu. Tununue?*
— Ndugu wawili wa kitalu

Mmenifurahisha kwa kuja na vipimo vyenu, kwani wengi huja na hisia. Basi tuvitumie. Vyungu 40,000 mara tatu ni mabebo 120,000. Gawanya kwa 400, mnapata saa 300. Kwa siku ya kazi ya saa nane, hizo ni siku 37 na nusu za mtu mmoja. Hata kama kila roboti ingekuwa na kasi ya mtu na si zaidi, zikiwa mbili kila moja ingefanya kazi chini ya siku 19 kwa mwaka, kisha ingekaa stoo ikisubiri msimu huku betri yake ikichakaa.

Msinunue.

Si kwamba kazi hiyo haifai kwa roboti. Kuachanisha vyungu ni miongoni mwa kazi za kwanza za kitalu kufanywa na roboti zinazotembea zenyewe, na huko Massachusetts, Marekani, kampuni ya Harvest Automation iliunda moja iliyoitwa HV-100 kwa kazi hiyo tu. Miongoni mwa waanzilishi wake alikuwamo Joe Jones, mmoja wa wabunifu wa Roomba, ile inayofagia sakafu za nyumba, na ukoo huo unaonekana. Haikujaribu kuwa mtu. Ilitafuta chungu, ikakikumbatia, ikakibeba na kukiweka kwa umbali ulioagizwa, ikiongozwa na utepe unaong'aa uliotandazwa chini. Lakini mashine ya aina hiyo inalipa pale ambapo vyungu ni mamia ya maelfu, viko juu ya eneo lililosawazishwa, na kazi haikatiki.

Kwenu mimi ningetazama kwanza yale mabebo matatu. Mkiweza kulifuta moja, kwa mfano kwa kuviweka vyungu moja kwa moja katika nafasi yake ya mwisho kwa mazao ambayo eneo linaruhusu, mmeokoa saa 100 kwa mwaka bila kununua chochote. Baada ya hapo tengenezeni toroli lenye meno linaloinua vyungu vingi kwa safari moja, na njia isiyo na mashimo. Jambo moja tu lingenifanya nibadilishe jibu: ikiwa saa hizo 300 zote huwaangukia ndani ya majuma mawili, wakati ambao watu hawapatikani hata kwa kubembelezwa. Hapo tatizo lenu ni msimu, na dawa ya msimu ni kukodi.

Taa dhidi ya ubwiri unga

*Bibi Shamba, nimesoma kwamba kuna roboti inayotibu ubwiri unga kwa taa bila dawa yoyote, na kwamba ni lazima itembee usiku. Nimeambiwa ni usiku kwa sababu watu wamelala na hakuna wa kudhurika. Ni kweli?*
— Mkulima wa maua ya chunguni

Habari ya kuwepo kwake ni kweli, na sababu uliyopewa ni nusu ya ukweli, tena nusu ndogo.

Taa hizo hutoa mwanga wa urujuanimno wa aina inayoitwa UV-C, ambao jicho halioni. Mwanga huo huharibu vinasaba vya kuvu inayoleta ubwiri unga kwa kuvigandisha mahali pasipopaswa, hata kuvu ikashindwa kuzaana. Lakini kuvu imeishi chini ya jua tangu zamani, na ina dawa yake mwilini: kimeng'enya kinachokwenda kufungua mafundo hayo moja baada ya jingine. Kimeng'enya hicho kinahitaji mwanga wa buluu ili kifanye kazi. Ukimulika mchana, unaharibu kwa taa na jua linatengeneza nyuma yako. Ukimulika usiku na kukawa na saa kadhaa za giza baada yake, kuvu inabaki na majeraha bila mganga, nawe unafanikiwa kwa kipimo kidogo cha mwanga ambacho hakiunguzi jani. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya usiku.

Na hapo ndipo roboti inapostahili. Ni kazi ya kurudiwa tena na tena gizani, kwa mwendo usiobadilika, kwa kuwa anayekwenda haraka anamulika pungufu na anayesita anaunguza majani. Nani ungemwajiri kwa hilo? Thorvald, roboti iliyozaliwa katika Chuo Kikuu cha Sayansi za Maisha cha Norway, imetumika kwa kazi hii hasa katika stroberi, na kwa maua ya kitalu nyumba kanuni ni ile ile.

Usiende nyumbani ukatupa bomba lako la dawa, hata hivyo. Ubwiri unga unashindika kwa njia hii kwa sababu sehemu kubwa ya mwili wake hukaa juu ya jani, ile unga unayoweza kuifuta kwa kidole. Ubwiri vinyoya, ambao ni ugonjwa mwingine, hukaa ndani ya jani, na mwanga wa UV-C hauzami huko. Pia mwanga huenda moja kwa moja: pale ambapo jani moja linalifunika jingine, kuvu imekaa kivulini salama, kwa hiyo mimea iliyobanana haitibiki. Na juu ya usalama wa watu, mwanga huo huumiza macho na ngozi ndani ya muda mfupi, hivyo mlango ufungwe na roboti iwe na namna ya kujizima mtu akiingia. Mlinzi wa usiku aelezwe kabla ya wote.

Nyuki wa chuma

*Je, roboti zinazochavusha nyanya kwa kupuliza hewa zinaweza kutumika kwenye okidi zangu?*
— Mpenda okidi

Zinaweza kupuliza, lakini hutapenda matokeo. Ua la nyanya lina uume na uke pamoja, linahitaji kutikiswa tu ili chavua idondoke, na mkulima anataka tunda. Wewe unauza ua lenyewe. Okidi ikishachavushwa hutoa gesi ya ethilini, ua likaanza kunyauka, kwa kuwa kazi yake imekwisha. Wafungie wadudu nje.

Kujenga leo kwa ajili ya kesho

*Bibi Shamba, tunakaribia kujenga kitalu nyumba kipya cha maua. Hatuna uwezo wa kununua roboti sasa, lakini hatutaki kuja kubomoa baadaye. Tuzingatie nini?*
— Kamati ya ujenzi

Nyinyi mmeuliza mapema, jambo ambalo hutokea mara chache.

Anzeni na chini. Katika vitalu nyumba vya Uholanzi, kati ya mstari na mstari wa mimea hupita mabomba mawili ya chuma yanayobeba maji ya moto ya kupasha hewa, na mabomba hayo hayo ndiyo reli ambazo juu yake hupita magari ya kuvunia, ya kunyunyizia dawa, na sasa roboti. Hii ndiyo siri ya roboti nyingi za huko: hazihitaji kutafuta njia, kwani zimewekewa. Ukiichukua roboti ya namna hiyo ukaishusha kwenye udongo mtupu wenye mabonde, umenunua gari moshi bila reli. Kama hali ya hewa yenu haihitaji mabomba ya joto, basi acheni njia za zege au sakafu ngumu iliyosawazishwa, zenye upana mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, na mwishoni mwa kila mstari acheni nafasi ya kugeuzia. Wajenzi hupenda kuibana nafasi hiyo ili kuongeza mimea miwili mitatu. Msikubali.

Jambo la pili ni kuamua kama roboti itaufuata mmea au mmea utaifuata roboti. Kwa maua ya chunguni, njia ya pili imeshinda kwa mbali: meza zinatembea kwenye magurudumu, vyungu vinapita kwenye mkanda, kamera imefungwa mahali pamoja penye taa yake na sakafu yake kavu, na kila mmea unapita mbele yake kama mgonjwa mbele ya daktari. Mnaweza kuanza na meza za kusukuma kwa mkono leo na kuzifungia mota miaka ijayo, mradi nguzo za jengo hazikukaa katikati ya njia.

Tatu, umande. Mwaka fulani nilialikwa kutazama jaribio la kamera ya kuhesabu matumba. Usiku mashine ilikuwa imehifadhiwa kwenye chumba cha baridi cha kuhifadhia maua, na alfajiri ikaingizwa kitalu, ambako hewa ilikuwa nzito kwa unyevu. Ndani ya dakika moja kioo cha kamera kilikuwa cheupe kama dirisha la jikoni. Mashine haikulalamika, iliendelea kutembea mstari mzima ikiandika sifuri, sifuri, sifuri, mpaka kijana mmoja wa hapo akakifuta kioo kwa pindo la shati lake. Tengeni mahali pa kuegesha palipo kavu na penye joto linalokaribiana na la kitalu, na umeme wa kuchajia uwe hapo hapo.

Msitegemee setilaiti kwa kuongoza njia ndani ya jengo lililojaa vyuma, kwani mawimbi yake hugongana na vyuma na kuleta majibu ya uongo. Wekeni alama zisizohama mwishoni mwa mistari, kila mstari na namba yake, na mtandao usiotumia waya ufike hadi kona ya mwisho. Namba hizo zitawasaidia hata kama roboti haitakuja kamwe.

Mikono yangu je?

*Dada Bibi Shamba, mimi ni mfanyakazi katika shamba la maua, kazi yangu ni kupogolea na kutazama magonjwa. Msimamizi wetu husema kwamba baada ya miaka michache sisi wote tutakuwa nje. Niambie ukweli.*
— Mfanyakazi

Mdogo wangu, nitakuambia ninachokijua, na msimamizi wako aje asome pia, maana kuna kinachomhusu.

Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Wageningen nchini Uholanzi kiliandaa mashindano ya kulima matango katika vitalu nyumba kwa kutumia akili mnemba. Kila timu ilipewa chumba chake na kukiendesha kutoka mbali: joto, mwanga, maji, hewa ya ukaa na mbolea viliamuliwa na programu, na timu iliyotoka Microsoft ikashinda. Lakini machipukizi yaliondolewa na nani? Matango yalivunwa na nani? Na mikono ya watu. Kilichokwenda kwenye kompyuta kwanza ni yale maamuzi ambayo kwa kawaida hufanywa ofisini.

Kupogolea, basi, kutakaa nawe kwa muda, hasa katika mazao ambayo kila mmea una umbo lake. Kutazama magonjwa ndiko ambako ningekuwa macho. Katika mashamba ya tulipu ya Uholanzi kuna watu ambao kazi yao ilikuwa kutembea mistari wakitafuta mimea iliyopata virusi vinavyoenezwa na vidukari, ile ambayo majani na petali zake huwa na michirizi isiyo ya kawaida, wakaing'oa kabla haijaambukiza mingine. Wenye jicho hilo wanazeeka na warithi ni wachache, na sasa zipo roboti zinazotembea polepole juu ya matuta, kilomita moja hivi kwa saa, zikipiga maelfu ya picha na kuua mmea mgonjwa papo hapo. Mojawapo imeitwa Theo, jina la mfanyakazi mstaafu wa shamba linaloitumia. Nilipolisoma jina hilo sikujua nicheke au ninyamaze.

Ila angalia roboti hiyo ilijifunza wapi. Picha hazijisemei kwamba huu ni mmea mgonjwa na huu umeungua jua tu. Kuna mtu mwenye uzoefu aliyekaa akazitaja moja moja. Kwa hiyo ujuzi wako una bei kabla roboti haijaja, una bei wakati inafundishwa, na una bei kila inapoletwa aina mpya ya ua ambayo haijawahi kuiona. Omba uwe karibu nayo siku inapoletwa. Jifunze kuisafisha, kuipima kama inasema kweli, kusoma inachoandika, na kuandika wewe mwenyewe, kwa tarehe na namba ya mstari, kila ugonjwa unaouona kuanzia sasa. Daftari hilo liwe lako, na likitakiwa kwa ajili ya kufundishia mashine, ujue unatoa kitu cha thamani na uzungumze malipo.

Na kazi ya kunyunyizia dawa, ukiwa nayo, iache iende. Hakuna mtu anayepaswa kuililia kazi ya kuvuta sumu.

Kisu kimoja, mimea elfu

*Roboti inayokata vipandikizi vya petunia haiwezi kueneza ugonjwa kwa kisu chake?*
— Msomaji mwenye wasiwasi

Inaweza, na wasiwasi wako ni wa haki. Virusi vya batobato ya tumbaku huishambulia petunia na huhamia kwa utomvu tu, kwa mkono, nguo au kisu, na vinaweza kukaa hai kwa muda mrefu katika utomvu uliokauka. Mtu mwenye kisu kichafu huambukiza mimea michache kabla ya kwenda kunywa maji. Roboti haina kiu. Wanaokata vipandikizi kwa mikono huchovya visu katika maziwa ya unga yasiyo na mafuta, asilimia 20 ndani ya maji, kwa kuwa protini yake huvizuia virusi kuambukiza, lakini sitaki kufikiria maziwa hayo yakigandia ndani ya vibomba vya mashine. Muulize muuzaji kisu husafishwa kwa dawa gani, na hukaa ndani ya dawa hiyo kwa sekunde ngapi kati ya mmea mama mmoja na unaofuata. Kama jibu lake ni kwamba husafishwa kila jioni, mwambie arudi nayo alikotoka.